Ugonjwa adimu, lakini adimu kwa nani?

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa. Kazi zilinibana, halafu nikawa safarini kati ya Kitale na Bungoma kwa mambo ya kifamilia, na huko ndiko makala hii ilikoanzia. Kwa kawaida hapa huwa naandika kuhusu programu, seva na vituko vya wateja. Leo nitaandika kuhusu damu. Nivumilieni, tutarudi kwenye tarakilishi kabla hatujamaliza, kwa sababu mambo haya mawili yanakaribiana kuliko nilivyodhani nikiwa chuoni.

Nianze na profesa mmoja. Anaitwa Ambroise Wonkam, daktari wa jenetiki kutoka Kamerun. Alifanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kisha akaenda Johns Hopkins, Marekani, kuongoza idara ya jenetiki. Februari 2021 aliandika katika jarida la Nature akipendekeza jambo kubwa: zisomwe jenomu za Waafrika milioni 3. Jenomu, kwa asiyejua, ni maandishi yote ya vinasaba vya mtu, herufi takriban bilioni 3 zilizoandikwa kwa alfabeti yenye herufi nne tu: A, C, G na T. Hoja ya Wonkam ni kwamba Afrika ndiko binadamu alikotoka, na ndiko kuna tofauti nyingi zaidi za vinasaba, lakini data nyingi ambazo madaktari wa dunia hutumia zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya.

Kama wewe ni mwandishi wa programu umeshaona tatizo. Ukipima programu yako kwa data ya kundi moja tu la watumiaji, itafanya kazi vizuri kwa kundi hilo, na wengine wote watakutana na makosa ambayo hukuyaona.

Mifano miwili. Wa kwanza unatoka kwenye kazi ya Wonkam mwenyewe. Ulaya, mtoto akizaliwa bila kusikia, jeni ya kwanza kuchunguzwa ni ile inayoitwa GJB2, maana ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya uziwi wa kurithi huko. Wonkam na wenzake walipowachunguza watoto wasiosikia wa Kamerun na Afrika Kusini, hawakupata hitilafu hizo za GJB2. Kwa hiyo kipimo kinachosifiwa Ulaya, ukikileta hapa kama kilivyo, kitamwambia mzazi kwamba hakuna kitu, na kitu kipo, ila kimekaa kwenye jeni nyingine.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Mwaka 2016, Arjun Manrai na wenzake walichapisha utafiti Marekani kuhusu ugonjwa wa kurithi unaofanya misuli ya moyo kuwa minene. Waligundua kwamba Wamarekani Weusi kadhaa walikuwa wameambiwa wana badiliko la jeni linaloleta ugonjwa huo, kumbe badiliko lenyewe halina madhara na ni la kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika. Lilionekana geni kwa sababu watu weusi walikuwa wachache mno katika makundi ya kulinganishia. Fikiria umeambiwa moyo wako una kasoro, na kasoro iko kwenye hifadhidata ya daktari!

Na mageni bado ni mengi. Mwaka 2020 watafiti wa mradi wa H3Africa walichapisha matokeo ya kusoma jenomu za watu 426 kutoka jamii 50 za Afrika. Walipata mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Watu 426 tu, jamani! Hao hawajazi hata matatu 31 za abiria 14.

Basi, mimi namuunga mkono Profesa Wonkam. Milioni 3 zisomwe. Lakini nina neno moja kuhusu utaratibu, yaani kipi kitangulie. Nadhani kabla ya kusoma herufi bilioni 3 za mtu mmoja, kuna herufi moja ambayo inafaa isomwe kwa kila mtoto anayezaliwa Bungoma na Kitale. Herufi hiyo inajulikana tangu miaka ya 1950, na hatuisomi inavyopaswa.

Herufi yenyewe iko kwenye jeni inayotengeneza hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya damu. Pale penye A pakiandikwa T, tofali moja la protini hiyo hubadilika: asidi ya glutamiki inaondoka, valini inakaa mahali pake. Vernon Ingram wa Cambridge ndiye aliyegundua badiliko hilo la tofali, 1956 na 1957. Ukirithi T kutoka kwa mzazi mmoja, unaitwa AS na kwa kawaida unaishi bila shida yoyote. Ukiirithi kutoka kwa wazazi wote wawili unakuwa SS, na chembe zako nyekundu zinapokosa oksijeni hujikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, zinavunjika mapema. Huo ndio ugonjwa wa seli mundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita. Herufi moja kati ya bilioni 3. Nimewahi kukesha nikitafuta nukta iliyokosewa kwenye msimbo wa mistari elfu nane nikadhani nina shida.

Sasa niwaeleze kwa nini nimelivalia njuga jambo hili.

Baba yangu ni Mbukusu wa Bungoma aliyehamia Kitale akiwa kijana, na mimi nimezaliwa na kukulia Kitale. Dada yake, yaani senge wangu, aliolewa upande wa Chwele. Alipata binti kwanza. Binti huyo alikuwa mtoto wa kuugua ugua. Vidole vya mikono na miguu vilikuwa vinavimba, analia usiku kucha, halafu macho yanakuwa ya manjano. Alipelekwa kwenye vituo vya afya zaidi ya mara moja (sitataja ni vipi, na sidhani vilikuwa vibaya kuliko vingine). Kila mara alipewa dawa za malaria. Majirani walikuwa na maelezo yao wenyewe, mengine ya jicho baya, mengine ya ukoo wa bwana. Akafariki akiwa na miaka miwili. Kwenye karatasi waliandika malaria.

Miaka ikapita, senge akazaa mvulana, naye akaanza vilevile. Safari hii akapata muuguzi mmoja aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: "Mama, kuna mtoto mwingine kwenu aliyewahi kuvimba vidole hivi?" Mtoto akapimwa. SS. Alikuwa na miaka saba tayari.

Kijana yupo hai, yuko sekondari, anapenda mpira ingawa hawezi kucheza dakika tisini. Nilipomtembelea safari hii senge alinionyesha kile kijitabu cha zamani cha kliniki cha binti yake. Amekihifadhi. Nilihesabu mara ambazo neno malaria limeandikwa humo: sita. Matokeo ya kipimo cha malaria hayakuandikwa hata mara moja. Senge akaniuliza, "Wewe uliyesomea kompyuta, hizi karatasi huwa zinaenda wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa, na swali hilo ndilo limenikalisha hapa kuandika.

Maana fikiria. Katika takwimu za nchi hii, binamu yangu alikufa kwa malaria. Ni mstari mmoja kwenye jedwali, na mstari huo una thamani ya uongo. Ukijumlisha mistari kama huo kutoka kila kijiji, utapata jedwali linalosema malaria ni nyingi na seli mundu ni chache. Kisha ofisa fulani atalitazama jedwali hilo na kusema ugonjwa huu ni adimu, tuweke fedha kwingine. Na kwa kuwa fedha zimewekwa kwingine, hakuna vipimo. Na kwa kuwa hakuna vipimo, mtoto anayefuata anaandikwa malaria. Sisi watu wa programu tunakijua kitanzi cha namna hii kisichokuwa na mahali pa kutokea. Tarakilishi hukwama hapo mpaka uizime.

Neno lenyewe adimu limetoka wapi? Marekani, kwa sheria yao ya mwaka 1983 kuhusu dawa za magonjwa adimu, ugonjwa ni adimu ukiwa na wagonjwa chini ya 200,000 nchini humo. Ulaya wanasema usiozidi watu 5 kati ya 10,000. Marekani ina wagonjwa wa seli mundu takriban 100,000, kwa hiyo kule ni ugonjwa adimu na unapata manufaa ya sheria hiyo. Sawa kabisa, ni nchi yao na hesabu yao. Lakini hesabu hiyo haivuki bahari. Uliza familia kumi za Bungoma kama zinamjua mtoto mwenye sikoseli, uone.

Na hili si jipya. Mwaka 1949 mwanafunzi wa udaktari aitwaye Anthony Allison, aliyekulia kwenye shamba hapa Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford. Alikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali za Kenya, akapima pia nani ana hiyo tabia ya seli mundu. Akaona jambo la ajabu. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, katika baadhi ya jamii zaidi ya watu 20 kati ya 100 walikuwa nayo. Nyanda za juu zilizo katikati, haikufika hata 1 kati ya 100. Akajiuliza, jeni inayoua watoto inawezaje kuwa nyingi hivyo? Akatazama ramani ya mbu akapata wazo. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake katika jarida la British Medical Journal: wenye AS wana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hii imestawi penye malaria. Ugunduzi huo umo leo kwenye vitabu vya biolojia dunia nzima, na sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika kwa damu ya watu wetu wa Afrika Mashariki. Sisi tulitoa damu, dunia ikapata somo, na binamu yangu akaandikwa malaria zaidi ya nusu karne baadaye.

Hapo ndipo Kitale inapoingia. Ukipanda matatu Bungoma ukapita Chwele, Kimilili, Kamukuywa na Kiminini, unapanda kutoka kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari mpaka kama mita 1,900. Mlima Elgon uko upande wako wa kushoto njia nzima, koti utalihitaji, na mbu wanapungua. Kwa ramani ya Allison, Kitale ni nyanda za juu, na nyanda za juu hazina seli mundu. Lakini ramani ile ilichorwa kabla ya uhuru, Trans Nzoia ikiwa bado sehemu ya mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya 1963 mashamba yakagawanywa, na watu wakahamia kutoka pande zote, Wabukusu wakiwa wengi. Baba yangu ni mmoja wa waliofuata baadaye. Watu walipanda mlima na jeni zao ndani ya damu. Daktari anayemwona mtoto Kitale na kusema ugonjwa huu ni wa watu wa ziwani anafanya kosa ambalo mimi nimelifanya mara nyingi kazini: ameandika jibu moja kwa moja ndani ya programu badala ya kuliuliza.

Ushahidi ni mimi mwenyewe. Nilizaliwa Kitale, nimesoma mpaka chuo kikuu, nikachangia damu mara tatu, na hakuna aliyewahi kuniambia hemoglobini yangu ni ya aina gani. Nimejua mwaka huu, nikiwa na miaka ishirini na minane, kwa sababu nataka kuoa na senge alinishauri: "Mwanangu, kabla ya ng'ombe, pima damu." Mimi ni AS. Mchumba wangu naye alipima. Matokeo yangu nayaandika hapa kwa hiari yangu. Ya kwake ni yake, siyaandiki. Ninachoweza kusema ni kwamba watu wawili wenye AS wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS. Ni jambo ambalo wawili wanaweza kukaa chini wakalipanga wakilijua mapema. Senge hakupewa nafasi hiyo.

Najua kuna msomaji anayesema: sawa, umepima, umejua, halafu? Ugonjwa wenyewe hauna dawa. Hoja hii niliisikia hata nyumbani, nami niliiamini zamani. Si kweli tena.

Hebu tuanzie juu. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza iliyotumia CRISPR, ile teknolojia ya kuhariri jeni. Wanatoa chembe za uboho wa mgonjwa, wanazihariri, wanazirudisha. Ni kazi ya kuvutia mno na ningeweza kuiandikia makala nzima. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, yaani zaidi ya shilingi milioni 280 za Kenya. Tuiache hapo ilipo.

Tushuke chini. Kuna dawa ya vidonge inayoitwa haidroksiurea, ni ya miaka mingi. Utafiti ulioitwa REACH uliwapa dawa hiyo watoto 606 katika miji minne: Kinshasa, Luanda, Kilifi yetu, na Mbale nchini Uganda. Mbale, ndugu msomaji, iko upande wa pili wa huu Mlima Elgon ninaouona dirishani kwetu. Matokeo yalichapishwa 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Juu ya hapo kuna penisilini ya kila siku kwa watoto wadogo, chanjo ya nimonia ambayo Kenya inaitoa tangu 2011, kinga ya malaria, na mzazi aliyefundishwa kukimbia hospitali homa ikipanda. Watafiti wa Kilifi wakiongozwa na Thomas Williams walionyesha mwaka 2009 jinsi watoto hawa wanavyoshambuliwa na bakteria kwenye damu kuliko watoto wengine. Mtoto anayejulikana mapema anaweza kukingwa. Makadirio yaliyochapishwa 2011 yalisema kati ya asilimia 50 na 90 ya watoto wa Afrika wanaozaliwa na ugonjwa huu hufa kabla ya miaka mitano, wengi bila kupimwa. Upana wa makadirio hayo wenyewe unakuambia kitu. Ukiniletea ripoti ya seva inayosema ilizimika kati ya asilimia 50 na 90 ya wakati, nitajua hakuna aliyekuwa akiitazama.

Na kupima si mlima. Siku hizi kuna vijiti vya kupimia vinavyofanana na vile vya malaria au vya mimba: tone la damu, dakika chache, unasoma mistari. Uganda walifanya ujanja ambao mimi kama mtu wa mifumo niliupigia makofi. Tayari walikuwa wanakusanya matone ya damu kavu ya watoto wachanga nchi nzima kwa ajili ya kipimo cha virusi vya ukimwi, na matone hayo yote yalikuwa yanapelekwa maabara moja kuu Kampala. Kati ya 2014 na 2015 wakaamua kupima matone hayohayo kwa seli mundu. Bila kumchoma mtoto hata mmoja sindano mpya wakapima sampuli 97,631! Walipata asilimia 13.3 wana AS na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe, tena kwa kila wilaya. Matokeo yalichapishwa 2016. Kwa mara ya kwanza nchi ikajua wapi pa kuanzia. Hawakujenga mfumo mpya, walitumia bomba lililokuwepo wakapitisha maji mengine.

Sasa turudi kwenye tarakilishi kama nilivyoahidi. Sisi wa magharibi mwa Kenya tuna jambo la kujivunia ambalo vijana wengi wa chuo hawalijui. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumika katika nchi nyingi duniani, ina mizizi yake hapa. Mwaka 2001 mfumo wa kumbukumbu wa tarakilishi uliwekwa kwenye kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka 2004 kutokana na kazi hiyo OpenMRS ikaanza, na kupitia AMPATH ikahudumia wagonjwa wa ukimwi katika kliniki za eneo hili, Kitale na Webuye zikiwemo. Mfumo wa KenyaEMR ulijengwa juu ya OpenMRS hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kumfuatilia mgonjwa mmoja kwa miaka mingi, kutoka kliniki hadi kliniki, ni teknolojia ya Ulaya. Tumeifanya kwa ukimwi, na tumeifanya hapa.

Ninachotaka mimi ni kidogo. Kila mtoto wa kaunti hizi mbili apimwe akiletwa kwa chanjo za mwanzo. Matokeo yaandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto na kwenye mfumo, safu moja tu: AA, AS, SS, au hajapimwa. Hiyo ya mwisho ni muhimu sana. Anayejua hifadhidata anajua kwamba "hapana" na "hatujui" ni vitu viwili tofauti, na nusu ya uongo wa takwimu zetu unatokana na kuvichanganya. Halafu mfumo umkumbushe muuguzi. Mtoto akiandikwa malaria mara ya tatu bila kipimo cha malaria kuthibitisha, itokee alama nyekundu iseme: mpime hemoglobini. Msimbo wake hauzidi mistari hamsini. Ningeuandika jioni moja.

Kuna pingamizi mbili ambazo naziheshimu. Ya kwanza ni usiri. Watu wanaogopa, na wana haki. Msichana akijulikana ni AS kijijini, maneno yataanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka data za vinasaba kwenye kundi la data nyeti, pamoja na za afya. Sheria ipo, lakini kijitabu kilichoachwa juu ya meza ya zahanati hakijui sheria. Mfumo wowote lazima uonyeshe matokeo kwa anayehudumia tu, na uandike ni nani aliyeyafungua na lini. Na hakuna mtu wa kulazimishwa kupima kabla ya kuoa. Aelezwe, kisha aachwe aamue.

Ya pili inatoka kwa wanaosema nimeisahau mada: magonjwa yaliyo adimu kweli, mtoto mmoja kati ya maelfu mengi, je? Sijawasahau. Kilifi kuna mradi wa NeuroDev, ambao pamoja na Cape Town unachunguza jeni za watoto wenye usonji na matatizo mengine ya ukuaji wa ubongo. Kazi hiyo naiheshimu mno. Lakini jiulize mtoto wa Kamukuywa mwenye ugonjwa wa namna hiyo atafikaje kwa mtaalamu. Lazima kwanza mtu atambue kwamba mtoto huyu amekuja mara saba na maelezo tuliyompa hayatoshi. Kumbukumbu itakayomgundua wa seli mundu ndiyo itakayotuambia kwamba huyu mwingine si malaria, na si seli mundu pia, basi apelekwe mbele. Atakayeshindwa kumhesabu mgonjwa wa ugonjwa ulio wengi hatamwona wa ule ulio mmoja.

Na fedha? Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake tuliona jinsi huduma za ukimwi zilivyotikisika, mifumo ya kumbukumbu ikiwemo. Somo nililolipata mimi ni kwamba kitu cha msingi kama kumhesabu mtoto wako hukiweki kwenye bajeti ya jirani. Kaunti zina bajeti ya afya. Wawakilishi wa wadi huja kuomba kura. Waulizeni.

Profesa Wonkam atapata milioni 3 zake, naomba azipate, na naomba za Bungoma na Trans Nzoia ziwemo, zikiwa na majina ya watafiti wetu kwenye karatasi na seva zetu zikiwa na nakala. Lakini siku hiyo ikifika nataka tuwe tayari tunajua watoto wetu ni wangapi na wanaumwa nini.

Senge bado anasubiri jibu la swali lake. Kwa sasa ninaweza kumwambia hivi: karatasi zile haziendi popote, senge, zinakaa kabatini mpaka panya wazile. Ningependa nikirudi Chwele Desemba nimwambie tofauti.

Kama wewe ni muuguzi, daktari au mwandishi wa programu huko Bungoma, Kitale, au hata Mbale ng'ambo, niandikie. Na kama umetoka maeneo haya na hujawahi kupima, kapime. Hayo ndiyo yangu kwa leo. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye vituko vya wateja.